Kwa nini kijana wa Iten alizidiwa Sarchu, halafu mama wa Mombasa akavuka Taglang La?

#1 Pedali Kavu
Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanisumbua tangu turudi kutoka India. Tulikuwa kundi la Watanzania na Wakenya, tukaendesha baiskeli kutoka Manali hadi Leh. Tulikuwa na mwongozaji, fundi, na gari la kubeba mahema na waliochoka. Kwa wasioijua, ile ni barabara ya kilometa 480 hivi juu ya Himalaya, na ina mapito matano makubwa: Rohtang La mita 3,978, Baralacha La kama 4,890, Nakee La, Lachulung La iliyozidi 5,000, na mwisho Taglang La, 5,328.

Kati yetu alikuwepo kijana wa Iten. Kazaliwa mita 2,400, miguu chuma. Kuanzia Manali hadi Jispa sisi tukifika kwenye kibanda cha chai yeye keshakunywa, keshalala, keshaamka. Na alikuwepo mama mmoja mwalimu mstaafu, mtu wa Mombasa, maisha yake yote usawa wa bahari. Kila siku wa mwisho.

Tukafika Sarchu, mita 4,290. Usiku ule kijana kichwa kinapasuka, anatapika, anakohoa, kwenda chooni tu anahema kama kakimbia. Alfajiri wakampakia na chupa ya oksijeni, wakamrudisha chini, mjini Keylong. Mama akaendelea, na Taglang La akaivuka.

Nielezeni. Maana kila mtu niliyemuuliza ana jibu lake.

#2 Mpiga Chabo
Nimewahi siti ya mbele. Watu wa Bonde la Ufa waje hapa wajitetee wenyewe.

#3 Mgumu wa Marangu
Mleta uzi, mbona jibu umeliandika mwenyewe? "Keshakunywa, keshalala." Mimi ugali wangu unatoka Kilimanjaro. Kila msimu tunateremsha vijana wenye vifua kama milango, na tunasindikiza wazee wa miaka sitini mpaka Uhuru. Njia ya Machame ina siku ya Lava Tower: mnapanda mita 4,600 na kitu, halafu mnashuka kulala Barranco, chini ya 4,000. Anayekimbia siku ile, jioni hali chakula. Anayekokota miguu anaomba kuongezewa supu.

Pole pole tunawaimbia wageni tangu geti la kwanza, wanadhani ni burudani.

#4 Daktari wa Zamu
#3 yuko sahihi kwa sehemu. Niongeze kidogo, maana naona watu wataanza kusema "oksijeni imeisha kule juu". Hewa ya Taglang La ina asilimia 21 ya oksijeni kama hewa ya Kariakoo. Kinachoshuka ni mgandamizo. Kwenye mita 5,300 mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa ufukweni, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakuletea karibu nusu ya mzigo.

Mwili unazoea, ila kwa muda wake. Figo zinahitaji siku kadhaa kurekebisha damu ili upumue kwa nguvu zaidi bila ubongo kupiga breki. Na mazoezi hayakukingi, mtu wa mbio anaumwa sawa na mtu wa kitambi. Kinachotabiri vizuri zaidi ni historia: aliyewahi kuumwa kwenye mwinuko ana nafasi kubwa ya kuumwa tena.

Huyo kijana, kukohoa na kuhema akiwa amepumzika ndiko kunakonitisha kuliko kutapika. Hiyo inaweza kuwa maji kwenye mapafu. Waliomrudisha chini walifanya la maana.

#5 Msomi Mvivu
Ninyi mnazunguka tu. Damu. Watibeti na Waladakhi (wenyeji wa Ladakh, kule Leh) wamekaa kule juu maelfu ya miaka. Wana jeni (chembe ya urithi) inayoitwa EPAS1 ambayo inazuia damu yao isiwe nzito kupita kiasi, na mwaka 2014 wanasayansi wakaonyesha kwamba waliirithi kutoka kwa watu wa kale wa Denisova waliokwisha kutoweka. Watu wa milima ya Andes, Amerika Kusini, wamekuja na njia nyingine kabisa, wao damu yao ina himoglobini nyingi. Wahabeshi wa nyanda za juu wana yao.

Sasa Iten mita 2,400 ni mwinuko gani wa kumbadilisha mtu mpaka akahimili 4,300? Mbele ya Himalaya huyo kijana ni mtu wa pwani mwenye shati la joto.

#6 Mpiga Chabo
"Mtu wa pwani mwenye shati la joto" 😂😂 Wakenya mko wapi?

#7 Mswahili Doha
Nina swali dogo kabla hamjamaliza kumchambua. Huyo kijana *kazaliwa* Iten, sawa. Anaishi wapi?

#8 Pedali Kavu
Mswahili Doha, umejuaje? Yuko huko huko kwenu. Ana miaka kadhaa Qatar.

#9 Mswahili Doha
Kesi imekwisha, fungeni uzi. Huku mwinuko pekee tunaoujua ni daraja la juu la barabara kuu. Mazoezi yetu ya baiskeli ni Ijumaa alfajiri kabla jua halijatuua, tambarare mpaka unasinzia. Huyo Iten alibaki nayo kwenye pasipoti tu.

#10 Daktari wa Zamu
Hapo #9 kagusa penyewe. Mazoea ya mwinuko hayadumu kama cheti. Ukishuka usawa wa bahari, wiki chache tu yameyeyuka. Aliyetoka Doha na aliyetoka Mombasa walianzia mstari mmoja.

#11 Msomi Mvivu
Basi kama walianzia mstari mmoja, mwendo uleule wa siku, vituo vilevile, kwa nini mmoja kaanguka? Daktari umeua hoja ya Iten lakini swali la mleta uzi bado limesimama.

#12 Kona21
Habari za humu. Ile njia naijua, nimeipita kwa pikipiki na kwa baiskeli.

Kwanza masahihisho. Kilometa 480 ni kwa mnaopita juu, Rohtang. Tangu Oktoba 2020 kuna handaki la Atal, kilometa 9 chini ya mlima, na kwa magari Manali hadi Leh imekuwa 428. Watu wa baiskeli wengi bado wanapanda Rohtang kwa sababu ndiyo darasa la kwanza la mwili. Ukilala Marhi na kupita 3,978 kisha ukashuka kulala Keylong mita 3,080, mwili umeshapewa taarifa.

Pili, tatizo la njia hii ni Sarchu kuliko hata Taglang La. Tazameni ramani. Kutoka Jispa, mita 3,200, ukienda moja kwa moja Sarchu umeongeza zaidi ya mita 1,000 za kulala kwa mkupuo. Ushauri wa kawaida ukishavuka 3,000 ni usiongeze zaidi ya 300 hadi 500 kwa usiku. Halafu ukizidiwa pale huna pa kushukia. Nyuma kuna Baralacha, mbele kuna kona za Gata, Nakee La na Lachulung La, halafu unashukia Pang ambako ni mita 4,600, juu kuliko ulikotoka! Uko ndani ya bakuli. Kilimanjaro ukizidiwa unageuka unateremka, na kila hatua hewa inaongezeka. Sarchu lazima kwanza upande ndipo ushuke.

Pedali, mlilala wapi kati ya Jispa na Sarchu?

#13 Pedali Kavu
Kona21, shukrani kwa ramani. Tulilala Patseo, mita 3,800 hivi. Na hapo kuna kitu sikukitaja. Tulifika mapema, saa nane mchana tumeshatandika. Kijana akasema miguu inamwasha, akapanda peke yake hadi Zingzingbar na zaidi, akarudi jioni anapiga mluzi.

#14 Mgumu wa Marangu
NILISEMA!

#15 Kona21
Mgumu, usishangilie mapema. Umetuambia mwenyewe mnawapandisha wageni Lava Tower kisha mnawashusha kulala. Kijana kafanya hicho hicho: kapanda juu, kalala chini. Kwa kanuni yenu alitakiwa awe mzima kuliko wote.

#16 Mgumu wa Marangu
Sisi tunawapandisha wakitembea na kupiga soga. Yeye alipanda kwa hasira. Kupanda juu ukalale chini kunasaidia kama mwili haujamaliza akiba. Muulize ile jioni alikula nini.

#17 Pedali Kavu
Vitumbua vya nyama vile vya mvuke, momo. Sahani mbili. Halafu chai ya siagi na chumvi akaikataa.

#18 Jogoo wa Bonde
Nimeitwa na watu watatu tofauti nije nisome huu uzi. Mimi ndiye huyo kijana, na sina haya.

Sikuumwa mlima. Nilitoka Doha joto la kuchemsha yai, nikashuka Delhi, nikapanda basi la usiku hadi Manali kiyoyozi kikinipuliza kifuani kwa saa kumi na kitu. Kufika Manali tayari nilikuwa na kikohozi, muulizeni Pedali. Rohtang tukapanda ndani ya mvua na ukungu, yale malori ya Tata yakitupulizia moshi mweusi usoni. Kikohozi kikashuka kifuani. Mtu yeyote mwenye kifua kibovu ukimpeleka 4,290 atalala chini, awe wa Iten awe wa Lhasa kule Tibet.

Na ile safari ya Zingzingbar ilikuwa ya taratibu. Mluzi haupigwi na mtu aliyechoka.

#19 Mpiga Chabo
Mshtakiwa kaingia kizimbani mwenyewe. Heshima yako Jogoo.

#20 Daktari wa Zamu
Jogoo, pole na karibu. Huenda uko sahihi, maambukizi ya kifua yanaongeza hatari ya mapafu kujaa maji kwenye mwinuko. Lakini kule juu kanuni yetu ni ngumu: mtu akiumwa, chukulia ni mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Ulivyofika Keylong ulijisikiaje?

#21 Jogoo wa Bonde
Baada ya saa chache nilikula chapati na dengu, nikalala kama mtoto.

#22 Daktari wa Zamu
Kikohozi cha mafua hakiponi kwa kushuka mita 1,200.

#23 Jogoo wa Bonde
Kikohozi hakikupona daktari. Niliendelea kukohoa mpaka narudi kazini. Kilichopona ni kichwa na tumbo. Haya, niambie ni ugonjwa gani huo.

#24 Msomi Mvivu
😂 Moja kwa moja.

Wakati daktari anatafuta jibu, niwape jingine: kuwa na kifua kikubwa cha mazoezi kule juu ni hasara. Mwanamichezo wa hali ya juu moyo wake unasukuma damu nyingi kwa kasi. Chini ni sawa. Juu, hewa ikiwa nyepesi, damu inapita mapafuni haraka mno, haipati muda wa kujaza oksijeni. Ndiyo maana wanariadha waliopimwa kwenye mwinuko wanapoteza sehemu kubwa zaidi ya uwezo wao kuliko mtu wa kawaida. Jogoo kaangushwa na ubora wake.

#25 Jogoo wa Bonde
Hii naichukua. Iandikwe kwenye kumbukumbu za uzi.

#26 Daktari wa Zamu
Kupoteza kasi ni jambo moja, kuumwa ni jingine. Alichosema #24 ni kweli kuhusu kasi. Hakielezi kutapika.

#27 Bi Mkubwa wa Nyali
Assalamu alaikum. Naona wanangu mmenifanya mzizi wa fumbo.

Mimi siri sina. Kila asubuhi nikiondoka kabla ya wote, kwa sababu najijua. Vile vijito vya theluji vinavyokata barabara, asubuhi maji yakufika kwenye kifundo. Ikifika saa nane jua limeyeyusha barafu, maji magotini, tena baridi ya kukata mfupa. Vijana wakilala mpaka jua liwapige, kisha wavuka mito wakiwa wamelowa mpaka mapajani. Mimi nimeshapita mkavu. Kukaa na soksi mbichi kutwa nzima kwenye upepo wa Baralacha nako kwamaliza mtu, msiandike oksijeni peke yake.

La pili, nikila. Kwenye yale mahema yaliyoshonwa kwa miavuli ya jeshi nikiagiza wali na dengu, hata nikiwa sina hamu. Ile chai ya siagi mwanangu Jogoo aliyoikataa, mimi nikinywa vikombe viwili. Chumvi na mafuta ndiyo dawa ya baridi.

La tatu, Baralacha karibu na kileleni nilishuka nikasukuma.

#28 Mpiga Chabo
Shikamoo Bi Mkubwa. Samahani, hapo pa tatu rudia.

#29 Bi Mkubwa wa Nyali
Marahaba. Nilishuka, nikasukuma. Na Taglang La pia, palipo mwinuko mkali. Sikupanda gari.

#30 Fundi Spoku
Kusukuma si kuendesha. Naomba kichwa cha uzi kirekebishwe: "mama wa Mombasa alitembea na baiskeli yake Himalaya".

#31 Mgumu wa Marangu
Fundi huna adabu. Baiskeli ilifika, mwenye baiskeli kafika, gari halikumbeba. Kwani Kitonga pale Iringa wewe unapanda bila kushuka?

#32 Fundi Spoku
Kitonga sijawahi, ila pia sijawahi kuandika kwamba nimepanda 😅

Tuache utani. Mimi ni fundi na sijasikia mtu akitaja baiskeli zenyewe. Pedali, Jogoo alikuwa na baiskeli gani?

#33 Pedali Kavu
Yake mwenyewe, ya changarawe, kaja nayo. Mbele sahani ndogo meno 34, nyuma kubwa meno 28. Mama alichukua ya kukodi ya milimani, mbele meno 22, nyuma 36.

#34 Fundi Spoku
Sasa hilo ndilo jibu, mengine yote ni soga. Pigeni hesabu. Jogoo kwenye gia yake nyepesi kabisa, pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka karibu mara moja na robo. Mama, gurudumu halifiki hata theluthi mbili ya mzunguko. Kwenye mlima ule ule mama angeweza kwenda nusu ya kasi na bado pedali zinazunguka kwa raha. Jogoo hata akitaka kwenda pole pole *hawezi*, akipunguza anaanguka. Mnamwimbia "pole pole" mtu ambaye baiskeli yake haina pole pole!

#35 Kona21
Fundi, hapo umenishika. Wenye kampuni za misafara kule huwapa wateja baiskeli za milimani kwa sababu hiyo hiyo, na wanaokuja na zao huwaambia wabadilishe kaseti ya nyuma (ile seti ya sahani za meno). Mlima wenyewe si mkali, malori yanaupanda, lakini unapanda kwa saa tano, sita.

#36 Jogoo wa Bonde
Nilipanda Rohtang na gia hizo hizo mbele yenu wote.

#37 Fundi Spoku
Ndiyo, na hewa ya Rohtang ilikuruhusu.

#38 Nyota ya Asubuhi
Samahanini, nafuatilia kimya. Natarajia kwenda. Nasikia tairi huweza kupasuka kule juu kwa sababu hewa ya nje imepungua. Nijaze kiasi gani?

#39 Fundi Spoku
Dada, hilo halikupasulii tairi. Hata ungetoka Mombasa na upepo wako mpaka Taglang La, nje kunapungua nusu ya mgandamizo wa kawaida, ambayo kwenye kipimo cha pampu ni kama PSI 7 tu zinaongezeka. Na baridi inapunguza kidogo. Pakiti ya krispi itavimba, tairi litatulia.

Cha kuogopa ni kushuka. Hewa nyepesi haikuzuii, kwa hiyo kwenye mteremko baiskeli inakimbia kuliko ulivyozoea. Taglang La hadi Upshi unashuka karibu mita 2,000. Beba pedi za breki za akiba, na usikamate breki mfululizo, bana na kuachia.

#40 Nyota ya Asubuhi
Asante fundi. Na vidonge? Diamox nimeze?

#41 Daktari wa Zamu
Acetazolamide (ndiyo hiyo Diamox) inasaidia, inaharakisha ile kazi ya figo niliyoitaja #4. Kinga ya kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Lakini muone daktari wako kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Vidole vitawasha, utakojoa sana, na soda itakuwa na ladha ya ajabu. Haizibi dalili, kwa hiyo ukiumwa ukiwa unaimeza bado unaumwa kweli.

Pedali, nani kati yao aliimeza?

#42 Pedali Kavu
Mama aliimeza. Jogoo alikataa.

#43 Mswahili Doha
Haya sasa!!! Uzi mzima tunachambua jeni za Denisova kumbe mmoja kameza dawa mwingine hakumeza.

#44 Jogoo wa Bonde
Nilikataa kwa sababu. Nakimbia mashindano, na hiyo dawa imo kwenye orodha ya WADA, wale wa kupambana na dawa haramu michezoni, ya zilizopigwa marufuku, kundi la dawa za kukojosha. Mimi nipimwe nikutwe nayo, nieleze kwamba nilikuwa nacheza Himalaya?

#45 Daktari wa Zamu
Kuhusu WADA ni kweli.

#46 Bi Mkubwa wa Nyali
Daktari, nilimeza Manali na Jispa. Vidole vikanitambaa siafu, nikaiacha. Sarchu sikuwa nayo mwilini. Pedali hakuyajua hayo.

#47 Msomi Mvivu
Naona kila jibu likisimama linapigwa ngwala na shahidi.

#48 Mpiga Chabo
Tupumzike. Kona21, ile picha watu wanaopiga kwenye kibao cha Khardung La, "barabara ya juu kuliko zote duniani", mlifika?

#49 Kona21
Tulifika. Ni kaskazini ya Leh, wengi huimalizia safari pale. Kibao kwa miaka mingi kiliandika futi 18,380, yaani mita 5,602. Vipimo vya GPS vinasema 5,359. Zaidi ya mita 200 za chumvi. Ina maana Taglang La iliyoko njiani imeachwa mita thelathini tu.

Na kwa kuzidiwa, Khardung La imezidiwa siku nyingi. Umling La, karibu na mpaka wa China, iko mita 5,798. Halafu mwaka 2025 wale wajenzi wa barabara za mpakani, BRO, wakafikisha barabara Mig La, futi 19,400. Hiyo ni kama mita 5,913.

#50 Mgumu wa Marangu
Subiri. Uhuru ni 5,895.

#51 Kona21
Ndiyo. Kuna barabara ya gari inayopita juu kuliko kilele cha Kilimanjaro. Pole Mgumu.

#52 Mgumu wa Marangu
Sitaki kuzungumza na mtu leo.

#53 Mpiga Chabo
Wachaga mpooo? Waweke lami hadi Stella Point tulipize.

#54 Mswahili Doha
Na zile kona za Gata, nasikia kuna mzimu?

#55 Pedali Kavu
Kona 21 zile, baada ya Sarchu. Kuna kijumba cha mawe kimezungukwa na chupa za maji, mamia, na sigara. Madereva wanasimulia kwamba utingo wa lori aliachwa pale mgonjwa, lori limeharibika, dereva kaenda kutafuta msaada, theluji ikafunga njia. Aliporudi kijana kafa kwa kiu na baridi. Tangu hapo anaomba maji kwa wapitao. Mwongozaji wetu, mtu mzima asiyependa upuuzi, alisimama akaweka chupa bila kusema kitu.

#56 Daktari wa Zamu
Kichwa, udhaifu, kiu, mtu mgonjwa kaachwa 4,500. Huyo utingo nami nadhani najua alichokufa nacho.

#57 Jogoo wa Bonde
Au alikuwa na mafua.

#58 Nyota ya Asubuhi
😂😂 Kuna kingine cha kujua kabla sijakata tiketi?

#59 Kona21
Haraka haraka. Kadi ya njano ya chanjo, India wanaiuliza kwa wanaotoka Afrika Mashariki. Simu za setilaiti na vile vifaa vidogo vya kutuma ujumbe kwa setilaiti usibebe kabisa bila kibali, ni kosa, watu wamekamatwa uwanja wa ndege. Laini ya malipo ya kabla uliyonunua Delhi itanyamaza Ladakh. Kwa Khardung La na Nubra, mgeni anahitaji kibali, wanakitoa Leh. Na nenda Julai mwisho hadi Septemba. Kusini ya Rohtang mvua itakunyeshea, ukishavuka Baralacha ni jangwa, unakula vumbi.

#60 Bi Mkubwa wa Nyali
Na mafuta ya midomo, binti yangu. Na uondoke asubuhi.

#61 Pedali Kavu
Mpaka sasa nimehesabu kwenye uzi: mwendo, damu, Doha, Sarchu yenyewe, mluzi wa Zingzingbar, kiyoyozi cha basi, ubora wa kifua, soksi mbichi, chai ya siagi, meno 28, na kidonge kilichomezwa nusu. Nani anaongeza?

#62 Mgumu wa Marangu
Usingizi. Hakuna aliyeuliza walilalaje. Kule juu watu wengi pumzi inakatika katika usiku, anashtuka, analala, anashtuka. Jogoo ulilala vipi Patseo?

#63 Jogoo wa Bonde
Nililala hema moja na Pedali. Muulizeni anavyokoroma.

#64 Pedali Kavu
Hilo halihusiani na mada.

#65 Daktari wa Zamu
Linahusiana sana. Endelea Jogoo.

#66 Jogoo wa Bonde
Kuanzia Keylong tukipanda sijafumba jicho. Na narudi mwakani, nyuma naweka kaseti ya meno 42, na hema langu peke yangu. Bi Mkubwa, utakuwepo?

#67 Bi Mkubwa wa Nyali
Nitakuwepo inshallah. Lakini mwanangu, Patseo ukipanda tena baada ya saa nane, nitakuja kukushika sikio.

#68 Fundi Spoku
Meno 42 itabidi ubadilishe na derela ya nyuma (kile kinachohamisha mnyororo), hiyo yako haifiki. Njoo inbox.